Thamani ya Makao

Mtu akimwua twiga bila ruhusa huitwa mhalifu. Mtu akiyaondoa malisho ya twiga, wala asimguse twiga mwenyewe, aghalabu huitwa mjenzi wa nchi. Yafaa kupima kama tofauti ya majina haya mawili inalingana na tofauti ya matendo yenyewe.

Mikumi ni mahali pafaapo kwa kipimo hicho. Hifadhi hiyo, iliyo jirani na Kilosa katika mkoa wa Morogoro, ilitangazwa mwaka 1964. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na nyanda za juu za kusini huipasua kwa mwendo wa kilometa zipatazo 50. Kando ya barabara vimesimamishwa vibao vitajavyo faini ya kila mnyama agongwaye na gari: tembo ana kiasi chake, twiga chake, swala chake. Sheria hii ni njema, maana humkumbusha dereva kwamba damu ina deni. Walakini vibao hivyo havina mstari hata mmoja kwa ajili ya majani ya uwanda wa Mkata, wala kwa dimbwi la kiangazi, wala kwa njia wapitayo nyumbu. Mnyama ana bei. Makao yake hayana.

Mikumi haina shimo la makaa ya mawe, lakini barabara yake yaelekea kwenye nchi yenye makaa: Kiwira, Mchuchuma na Ngaka. Huko Ngaka, wilaya ya Mbinga, uchimbaji wa shimo la wazi ulianza mwaka 2011. Mchimbaji wa namna hii haingii chini ya ardhi kama fuko. Huivua ardhi nguo zake moja moja. Miti hukatwa, udongo wa juu huondolewa, kisha mwamba hupasuliwa kwa baruti hata tabaka la makaa lionekane. Mwamba wenye salfa ukikutana na hewa na mvua huweza kutoa maji makali yanayoua viumbe vya mtoni. Vumbi hutua juu ya majani, na kishindo hufukuza hata wale ambao shimo halikuwafikia. Afukuzwaye huenda wapi? Malisho ya pili yana wenyewe. Akifa kwa njaa mbali na shimo, kifo chake hakiandikwi katika daftari la mtu yeyote.

Wateteao uchimbaji wana hoja nzito, wala si haki kuidharau. Saruji ya shule na zahanati huchomwa kwa makaa, na mtu mwenye dhiki hawezi kuambiwa angoje mpaka swala waridhike. Hoja hii ni kweli; lakini huthibitisha ruhusa ya kutumia, haithibitishi ruhusa ya kutohesabu. Mwenye haja ya kukopa hasamehewi deni kwa sababu haja yake ilikuwa ya kweli.

Hoja ya pili ni ya mpaka: husemwa kwamba nje ya hifadhi hakuna wajibu. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe, ili eneo la Mto Mkuju lenye urani, kilometa za mraba karibu 200, litoke katika urithi huo. Selous ilipakana na Mikumi kabla sehemu yake kubwa kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kwa kalamu tu, lililokatazwa likawa halali, ingawa hapana mti wala kijito kilichobadilika. Mpaka ni kazi ya watu, na watu waweza kuusogeza. Wajibu hausogei pamoja nao.

Watu wa Kilosa hawana haja ya kufundishwa uzito wa mahali. Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji uliwaua watu zaidi ya 30 huko Rudewa Mbuyuni. Binadamu aliyebanwa hupaza sauti, huenda mahakamani, na pengine, kwa msiba wa wote, hushika silaha. Mnyama aliyebanwa hana baraza. Kwa hiyo mwenye nguvu ni mshtakiwa na hakimu kwa wakati mmoja, na uadilifu wake hupimwa hapo.

Mithali husema, mwenye nguvu mpishe. Huo ni mwenendo wa dunia, wala si hukumu ya haki. Haki yataka mchimbaji ahesabu makao kabla ya kuchimba, audunze udongo wa juu, ayalinde maji, aache njia ya wanyama, na aweke fedha ya kuponya ardhi kabla ya kuuza gunia la kwanza. Na mahali ambapo hesabu yaonyesha kwamba kilichopo hakirudishiki, kama mti mkongwe ambao tundu lake ni kiota cha hondohondo, jibu la haki laweza kuwa kuyaacha makaa yalale. Jibu hilo ni gumu kwa nchi yenye haja. Lakini wema ambao haukatazi kitu chochote hauna kazi.