Uigizaji, Nia na Uongo: Swali Litokanalo na Kazi ya David Essex

Swali la iwapo mwigizaji ni mwongo limewasumbua wanafalsafa na wanateolojia tangu kale, na kazi ya Mwingereza David Essex, aliye mwigizaji na pia mtunzi-mwimbaji, yaani mtu anayeimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, inaliibua upya kwa namna ambayo wahenga hao hawakuitazamia. Essex, ambaye jina lake la kuzaliwa ni David Albert Cook, alizaliwa London mwaka 1947, akiwa mtoto wa kuli wa bandarini, na mwaka 1971 alipata nafasi iliyomtangaza: alimwigiza Yesu katika Godspell, tamthilia ya muziki iliyojengwa hasa juu ya Injili ya Mathayo.

Miaka michache kabla ya hapo onyesho la namna hiyo lingekwama, kwa kuwa hadi ilipotungwa sheria ya mwaka 1968 kila mchezo mpya wa jukwaani nchini Uingereza ulihitaji kibali cha afisa wa kasri la kifalme, na ofisi hiyo kwa desturi ilikataa Mungu au Kristo kuigizwa. Katazo hilo halikuwa ukaidi mtupu. Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo wa karne ya 2 na ya 3, alikwisha kufundisha kwamba Muumba wa kweli huchukia kila cha kughushi, iwe sauti, umri au machozi. Na katika Uislamu wanazuoni walio wengi hadi leo hawaruhusu mtume yeyote aigizwe, Nabii Isa akiwemo. Nyuma ya misimamo hiyo kuna heshima ambayo si haki kuidharau, kwa maana anayeogopa kuuvaa utakatifu kama vazi walau anakiri kwamba utakatifu upo.

Hata hivyo, hoja ya kwamba kuigiza ni kudanganya haisimami, na aliyeidhoofisha mapema ni mwanateolojia Agostino, katika mazungumzo aliyoyaandika kabla hajabatizwa. Agostino alitenganisha mdanganyifu, ambaye nia yake ni mtu apotoke, na msimuliaji wa mambo ya kubuni, ambaye hasemi kweli lakini hataki kumpotosha yeyote. Kisha akamtaja Roscius, mwigizaji mashuhuri wa Roma, aliyekuwa jukwaani Hekuba wa uongo, yaani malkia wa Troya katika hekaya, na papo hapo mwigizaji wa kweli, tena kwa sababu ileile ya kuwa Hekuba wa uongo. Kwa kipimo hicho, kinachouweka uongo katika nia na si katika maneno, Yesu wa Godspell hakumdanganya mtu, kwani alitokea amevaa fulana yenye nembo ya Superman na kupakwa rangi usoni kama mchekeshaji wa sarakasi, na kila aliyenunua tiketi alijua kwamba anamtazama kijana wa London.

Jambo zito zaidi liko kwenye nyimbo. Mwigizaji anaposema “mimi”, hadhira hukubali kwamba anasema mwingine; mtunzi-mwimbaji anaposema “mimi”, msikilizaji huamini kuwa amefunguliwa moyo wa mtu, na imani hiyo ndiyo inayouzwa dukani. Essex alitunga Rock On, iliyompa umaarufu mwaka 1973, na pia Gonna Make You a Star, iliyoshika nafasi ya 1 kwenye chati za Uingereza mwishoni mwa 1974. Katika miezi hiyohiyo filamu ya Stardust ilikuwa kwenye majumba ya sinema, naye akiigiza humo mwimbaji wa kubuni, Jim MacLaine, anayepandishwa na umaarufu hadi unamwangamiza. Wasichana waliompigia mayowe Essex kwenye matamasha yake na umati unaompigia mayowe MacLaine katika filamu walikuwa hawatofautiani kwa lolote la wazi, isipokuwa kwamba wa filamu walipangwa.

Kinachoshangaza ni kwamba sikio haliwezi kuamua ni lini nafsi inasema na ni lini nafasi inasema. Mwaka 1978 Essex aliimba kama mhusika Che katika tamthilia ya muziki Evita, na wimbo mmoja wa nafasi hiyo, Oh What a Circus, ukapanda hadi nafasi ya 3. Wimbo wake A Winter’s Tale, uliofika nafasi ya 2 mwanzoni mwa 1983, ulitungwa na Mike Batt na Tim Rice, lakini uliwagusa watu kama siri ya moyoni mwake. Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 18, alidai kwamba mwigizaji bora hutuliza hisia zake ili azichochee za wengine. Dai hilo linamhusu mwimbaji pia, ingawa mwimbaji ndiye asiyeruhusiwa kulikiri mbele ya mashabiki.

Lawama hapa haimwangukii Essex. Inawaangukia wanaojenga biashara juu ya ahadi kwamba hisia inayosikika katika sauti ni mali halisi ya mwenye sauti, wakijua kuwa msikilizaji hana njia ya kuihakiki. Wanateolojia walioielekeza hofu yao yote kwa mtu aliyevaa nafasi ya Kristo walimchunguza asiyemficha mtu kitu, na uchunguzi huo unastahili kuhamishiwa kwa wale wanaouza unyofu.