Nyarugusu Mbili

Stendi ya Kahama ni njia panda. Barabara moja inapanda kaskazini kupitia Kakola kuingia Geita, nyingine inashika magharibi: Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi, hadi Kibondo na Kasulu. Kila upande una Nyarugusu yake. Ya Geita ni ya dhahabu. Huko, Januari 2017, watu 15, mmoja wao Mchina, walifukiwa mgodini wakaokolewa wote hai baada ya siku tatu. Ya Kigoma ni kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu.

Inasimuliwa habari ya fundi mmoja wa pampu, Mwingereza, aliyeitwa aende Nyarugusu ya dhahabu. Maji yalikuwa yanapanda kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na kipuri kilichohitajika kilikuwa ndani ya begi lake. Kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, vijana walimwonyesha ramani kwenye simu wakamtaka asome Nyang'hwale. Akajaribu, wakacheka. Akarudia, wakacheka zaidi, na mmoja akamrekodi. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini ile ng'h ni sauti ya Kisukuma inayomshinda hata Mswahili wa Tanga: ulimi unakaa pale pale pa ng' ya ng'ombe, kisha pumzi inasukumwa kupitia puani. Inataka mtu wa kukusemea polepole, mara nyingi, bila haraka. Fundi hakumpata mtu huyo. Tangu hapo akawa anayameza majina.

Kahama mpiga debe akamdaka. "Wapi, bosi?" Akataja Nyarugusu kwa sauti ya chini, nusu ya jina ikabaki mdomoni, kisha akaongeza "Jaita", kwa kuwa ndivyo jicho lake lilivyosoma Geita. Jaita haipo. Mpiga debe akaokota "gusu", akamtazama mgeni juu hadi chini, akaona mtu wa mashirika ya misaada. "Kambini?" Fundi hakulijua neno hilo. Akaitikia kwa kichwa.

Kichwa kile kiliharibu zaidi ya ulimi. Jina lililotamkwa vibaya bado linaweza kurekebishwa na anayelisikia, ila mtu akishakubali asichokielewa, anayemsaidia hana tena sababu ya kuuliza. Na mpiga debe naye alikuwa na swali jepesi la kuuliza, mkoa gani, lakini alishajijibu mwenyewe.

Basi la magharibi lilipokuwa limeshaipita Nyakanazi, mama mmoja wa kiti cha pili akamuuliza, "Mwanangu, unakwenda kwa wakimbizi?" Fundi akamwonyesha kwenye simu ujumbe wa mwenye duara aliyemwita. Mama akausoma, akashika kichwa. "Ge-i-ta. G ya gari. Hiyo tumeiacha tangu Kahama." Akamfanya alirudie jina lote, Nyarugusu ya Geita, hadi likatoka sawa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alilala Kibondo, asubuhi akageuza. Alipofika duarani, maji yalikuwa yameshayafikia matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, na upande mmoja ulikuwa umebomoka. Wachimbaji walikuwa wametoka mapema, hakuna aliyeumia. Lakini kazi ya miezi ilikuwa chini ya maji, na hawa hawakuwa watu wa mshahara. Walikuwa wakisubiri mgawo wa mawe. Wengine walikuwa wameshakopa unga na mafuta ya kula dukani kwa kutegemea mgawo huo.

Mwenye duara hakumgombeza fundi. Alijilaumu mwenyewe, kwamba alituma jina kwa ujumbe akaona yatosha. Sasa akiita mtu kutoka mbali anapiga simu, anataja kijiji, wilaya na mkoa, na hakati mpaka mgeni ayarudie yote matatu kwa mdomo wake, hata ikichukua dakika kumi na salio likaisha.