Msitu Umejaa, Chumvi Hakuna

Somo: 2 Wafalme 2:19–22

Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika kwenye mapango ya Mlima Elgon mwaka 1883, alikuta watu wakiishi humo pamoja na ng'ombe wao. Akazitazama kuta, akaona jinsi zilivyochimbwachimbwa, akakata shauri kwamba hii ilikuwa migodi ya kale: watu wenye ustadi mkubwa, pengine Wamisri, walikuja huku kutafuta vito au madini ya thamani. Wenyeji walimwambia ni kazi ya Mungu. Jibu hilo halikumtosha. Ikawa rahisi kwake kuwaleta Wamisri kutoka Nile hadi Elgon kuliko kukesha mlangoni aone ni nani huingia usiku.

Anayeingia usiku ni ndovu.

Jumamosi iliyopita vijana wa kanisa walikwenda kulitembelea pango la Kitum, nami nilifuatana nao, pamoja na kina mama waliosema wanakuja kuwaangalia watoto lakini ndio waliotangulia kufika mdomoni mwa pango. Kutoka Kitale hadi lango la Chorlim ni mashamba ya mahindi. Ukishaingia mbugani msitu unakupokea, na miti ya podo inakuwa mikubwa hata dereva akapunguza mwendo bila kuombwa. Pango lenyewe linaingia mlimani kiasi cha mita 200, na upana wake ungelimeza kanisa letu pamoja na uwanja wake. Ukimulika ukuta unaona mikwaruzo imepishana huku na huku, mipya juu ya ya zamani. Hizo ni alama za pembe. Ndovu huingia gizani akipapasa sakafu kwa mkonga hadi aufikie mwamba ulio laini kidogo, huubandua kwa pembe, huokota vipande na kuvisaga kwa magego. Anatafuta chumvi. Maji na maporomoko ya dari yamechangia kulipanua pango, na watu wa mlimani nao walichimba humu chumvi ya mifugo yao. Lakini mchimbaji mkuu wa Kitum hana sururu.

"Afande," kijana mmoja alimwuliza askari wa wanyamapori aliyetuongoza, "bila taa wanajuaje njia?"

"Waliletwa na mama zao."

Kina mama walipiga makofi, na safari nzima ya kurudi hatukusikia neno lingine. Mimi swali lililonishika ni jingine: kwa nini waje? Mle ndani kuna nyufa, na mawe huanguka kutoka darini. Binadamu naye ana la kuogopa. Wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wamezuru Kitum kabla ya kuugua. Na mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa virusi hivyohivyo, navyo vikapatikana kwa popo wa mgodini humo. Ndiyo maana tulivaa barakoa na glavu na hatukukaa sana. (Wazazi walionipigia simu jioni ile, naomba mlipokee hilo kama jibu langu.) Ndovu wa Elgon walikutana na hatari nyingine pia: katika miaka ya 1980 majangili waliwaua wengi sana. Waliosalia bado wanaijua njia ya pangoni.

Sababu iko nje, kwenye msitu wenyewe. Mvua inayoufanya mlima uwe kijani mwaka mzima ndiyo hiyohiyo inayoisomba chumvi kutoka udongoni, na majani yaotayo hapo yana chumvi haba. Kwa hiyo ndovu anaweza kula Elgon mchana kutwa, akashiba, na bado mwili wake ukapungukiwa na kitu ambacho majani hayo hayawezi kumpa hata yangeongezwa mara mbili.

Watu wa Yeriko walikuwa na shida ya namna hiyo. Walimwendea Elisha wakamweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, naye mwenyewe anaona, ila maji ni mabaya na nchi haizai. Nimelisoma somo hili miaka mingi nikikimbilia muujiza, nikawapita hao wazee wa mji. Mji wenye sura nzuri ni vigumu kuukiri ugonjwa wake, na hawa walikiri. Elisha akaomba chombo kipya chenye chumvi. Wala hakuzunguka nyumba kwa nyumba akitia chumvi katika mitungi ya watu. Alikwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, akaitupa humo.

Sisi wa Trans Nzoia tunaitwa ghala la mahindi la Kenya, na mgeni akipita barabarani anaona hivyo. Mji wetu umekaa mahali pazuri. Lakini mimi huingia majumbani. Nawajua ndugu wa tumbo moja wanaovuna mashamba yanayopakana na wanaonana mahakamani tu, kwa sababu ya mpaka uliosogea hatua chache baada ya baba kuzikwa. Nimeketi kwenye meza zilizojaa ambapo mume na mke wote wawili wanazungumza na mchungaji na hakuna anayezungumza na mwenzake. Na sisi tunaoongoza kanisa tumejibu hali hii kwa kuongeza majani: hema kubwa zaidi, vipaza sauti vipya, mkutano mwingine wa injili. Sisemi ni vibaya. Nasema havina chumvi ndani yake.

Chumvi Maandiko yameitaja kwa uwazi. Katika Marko 9 Bwana anaiweka pamoja na amani baina ya watu, na Paulo, katika Wakolosai 4, anaitafuta katika maneno yetu, jinsi tunavyomjibu kila mtu. Thomson alipoona shimo refu aliwaza vito. Ayubu 28 inamsifu sana mchimbaji wa vito, jinsi anavyoshuka mahali ambapo hata jicho la tai halijafika, kisha inasema kwamba hekima hakuipata huko. Ndovu hashuki kutafuta cha kuonyesha watu. Anashuka kwa sababu anapungukiwa, na anamchukua mtoto wake ili naye aijue njia.

Basi wiki hii nawaomba jambo moja. Jumapili ijayo tuna Meza ya Bwana. Ukiwa na ndugu, jirani au mwenzi ambaye mmenyamaziana, mwendee kabla ya siku hiyo. Usimtume wakili, na tafadhali usinitume mimi. Nenda na mwanao mkubwa, asikie unavyoomba amani.