Umaskini na Ushahidi Wake

Mwenye njaa hupewa chakula kwa kuwa ana njaa, na mwenye kiu hupewa maji kwa kuwa ana kiu. Mgonjwa maskini yuko mbali na hawa wawili, kwa sababu ugonjwa wake peke yake hautoshi kumpatia dawa: hana budi athibitishe na umaskini wake pia. Je, ni haki kumtaka mtu ashuhudie ufukara wake mbele ya wenziwe ndipo atibiwe? Swali hili lina umri mrefu duniani, na katika mkoa wa Singida lina sura yake.

Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania ilishika siasa ya kutibu watu bila malipo. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga, wilaya inayopakana na mkoa wa Singida, na Singida Vijijini ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuufuata. Sheria ya Mfuko huo ilitungwa mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya yenye watu wasiozidi 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka.

Hekima ya mpango huu haikanushiki. Singida ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua. Mkulima wa alizeti, mtama, uwele au vitunguu huona fedha baada ya mavuno. Malaria humjia wakati wa mvua, ghala likiwa limepungua na mfuko umekauka. Kulipa wakati wa shibe ili kutibiwa wakati wa dhiki ni akiba, na akiba haiozi. Zaidi ya hayo, mzima wa mwaka huu humsaidia mgonjwa wa mwaka huu, naye kesho huenda akasaidiwa. Huu ni ujirani uliotiwa katika hesabu.

Lakini hekima hiyo humfaa mwenye mavuno ya kubakisha. Kikongwe anayelea wajukuu yatima, na mlemavu asiye na shamba, hawana msimu wa shibe. Kiasi kilicho kimoja kwa wote si sawa kwa wote: kwa mwenye zizi la ng'ombe ni bei ya kuku wachache, na kwa asiye na kitu ni mlima. Sheria ya mwaka 2001 ililitambua jambo hili, ikaruhusu asiyeweza kulipa asamehewe baada ya kupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kukubaliwa katika kata. Hapo ndipo ushahidi unapoanza kudaiwa.

Wanaoutetea ushahidi wana hoja nzito. Husema kwamba msamaha usiochunguzwa huliwa na wasiostahili. Kwamba tajiri mwenye ulimi mwepesi atajiita fukara, na dawa aliyoipata bure itakosekana kwa fukara wa kweli. Hoja hii ni ya kweli, na hakuna mfuko utakaodumu ukiipuuza. Tena, katika kijiji watu hujuana: jirani ajua ni jiko gani halikutoa moshi jana.

Hata hivyo, ushahidi una gharama isiyoandikwa katika daftari lolote. Gharama hiyo ni haya. Kusimama mbele ya jirani na kukiri kwamba huna kitu ni jambo gumu kwa mtu aliyeishi kwa jasho lake, na ugumu huo huongezeka kwa kadiri ya uungwana wake. Basi mizani hii hukosea kwa namna ya ajabu: asiye na haya huipita upesi, na mwenye haya hujikalia nyumbani na homa yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hilo ni onyo kwa mgonjwa. Lakini ni lawama pia kwa jamii iliyomfanya afiche.

Uingereza iliwahi kuifanya aibu kuwa kipimo cha makusudi. Sheria yake ya Maskini ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba mhitaji aingie katika nyumba ya kazi yenye maisha magumu, ili asiombe ila aliyeshindwa kabisa. Mwaka 1948 nchi hiyohiyo ilianzisha huduma ya afya kwa watu wote, gharama ikabebwa zaidi na kodi. Mtu aliacha kuulizwa kipato chake mlangoni mwa daktari. Aliulizwa na mtoza kodi.

Liko jambo la pili. Sheria ya mwaka 2001 iliitaka mamlaka inayotoa msamaha itafute njia ya kuufidia Mfuko. Kwa hiyo anayepima umaskini ndiye anayeubeba mzigo wake. Hakimu ambaye kila hukumu ya huruma humtoza fedha ana sababu ya kuona maskini wachache. Si lazima awe mbaya. Yatosha awe na hazina tupu.

Na jambo la tatu ni hesabu ya watu 6. Sheria huhesabu vichwa, mila huhesabu wanaokula chungu kimoja. Katika nyumba ya bibi, watoto wake na yatima wa ndugu, wa saba ni nani? Mama anayetakiwa kuchagua jina la kuacha ametwishwa uamuzi ambao taifa zima liliuepuka.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi ulio bora, kwa kuwa imekusudia wasio na uwezo wagharimiwe kwa fedha za umma. Lakini hata sheria hiyo haina budi kuwatambua hao wasio na uwezo, na swali linarudi. Uchunguzi hauepukiki, jinsi unavyofanywa ndiyo inayoweza kuwa ya haki au ya dhuluma. Ni haki ukifanywa na serikali kumtafuta maskini, kabla hajaugua, kwa staha, na mwisho wake ukawa kadi isiyotofautiana na ya mlipaji. Ni dhuluma ukimngoja maskini dirishani, mtoto akiungua kwa homa mgongoni. Umaskini ni msiba wa mwenye nao. Kuuthibitisha kuwe kazi ya wenye nguvu, wala usigeuzwe kazi ya pili ya mgonjwa.