Kosa la Daftari la Wote ni la Nani?

Zamani daftari la ofisi lilikuwa na mwenyewe. Karani alilifungua asubuhi, akalifunga jioni, akaliweka katika sanduku la chuma, na kila tarakimu iliyomo ilijulikana kwa mwandiko wake. Likitokea kosa, haikuwa kazi kumtambua aliyekosea. Hivi leo mambo yamegeuka. Katika ofisi nyingi daftari ni lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta ambalo watu kadhaa hulifungua kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Mmoja yuko Kilosa, mwenzake yuko Mikumi, na wote wawili huandika katika ukurasa mmoja, kwa herufi zisizotofautiana. Kosa likionekana, kila mtu huuliza upesi: Ni la nani? Sisi twaona ya kwamba liko swali jingine lipasalo kutangulia: Aliyeliona kosa hilo anadaiwa nini?

Na tutoe mfano, tuutunge wenyewe ili asiguswe mtu. Tuseme kuna kazi ya ujenzi yenye ofisi kuu Kilosa mjini na tawi Mikumi. Karani wa Mikumi huandika majina ya vibarua na siku walizofanya kazi. Mhasibu wa Kilosa hutazama jumla iliyo chini ya jedwali, kisha huomba fedha benki kwa kadiri ya jumla hiyo. Vibarua walikuwa 40. Kila mmoja alifanya kazi siku 20 kwa shilingi 10,000 kwa siku, na jumla ilikuwa shilingi 8,000,000. Mwezi wa pili wakaongezwa vibarua wanne, majina yao yakaandikwa mwisho wa orodha. Walakini kanuni ya kujumlisha ilikuwa imeagizwa kuhesabu mistari 40 tu. Jumla ikabaki shilingi 8,000,000, kana kwamba wale wanne hawakuzaliwa.

Karani wa Mikumi aliliona kosa hilo. Alikuwa mtu mwema. Hakutaka kumwaibisha mwenzake wa Kilosa aliyelitengeneza jedwali, wala hakutaka kuonekana mjuaji. Basi akafuta kanuni katika kisanduku cha jumla, akaandika kwa mkono wake tarakimu iliyo sahihi: 8,800,000. Wote 44 wakalipwa, na yeye akanyamaza. Mwezi wa tatu wakaja vibarua wengine sita. Jumla haikusogea, maana mle kisanduku hamkuwa tena na kanuni ya kuhesabu, bali tarakimu tupu ya mwezi uliopita. Kilosa wakaomba shilingi 8,800,000 badala ya 10,000,000. Siku ya malipo watu sita walisimama dirishani wakaambiwa: Majina yenu yapo, fedha zenu hazipo.

Wakati huo karani wa Mikumi alikuwa likizo. Huko Kilosa wakasema, Ni Mikumi walioharibu. Wahenga walinena kweli: asiyekuwepo na lake halipo. Wengine wakamshuku hata wizi. Naye aliporudi akasema kwa uchungu: Mimi nilisahihisha, sikuharibu!

Je, alisema kweli? Tukitazama nia yake, hana hatia ya uovu, maana alitaka wanne walipwe, nao walilipwa. Lakini tukitazama tendo lenyewe, twaona ya kwamba aliondoa dalili ya kosa akakiacha chanzo chake. Watu wa Kilosa wanaujua mto Mkondoa. Wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyobomoa nyumba na kuharibu njia ya reli. Mtu aonaye ufa katika tuta la mto, akausindilia majani na kusawazisha udongo juu yake, kisha akaenda zake bila kumwambia mtu, huenda amefanya kazi kwa jasho jingi. Hata hivyo amewaondolea jirani zake alama iliyokuwa ikiwaonya. Kabla yake tuta lilikuwa bovu na ubovu ulionekana. Baada yake ubovu umebaki, ila hauonekani tena.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Daftari la wote ni ahadi ya watu wengi kuaminiana. Mhasibu wa Kilosa anapoisoma jumla, anaamini ya kwamba imejumlishwa na kanuni. Anayeibadili pasipo kumjulisha amemfanya aamini jambo lisilo kweli, hata kama tarakimu yenyewe ni sahihi siku hiyo. Ukimya wa namna hii unafanana na upole, lakini unawanyima wenzetu ukweli walio na haki ya kuujua.

Wengine watapinga, nao wana hoja. Watasema: Je, Injili haitufundishi kumwonya ndugu kwanza faraghani, mimi na yeye peke yetu? Kutangaza kosa la mwenzako mbele ya ofisi nzima si kumvunjia heshima? Twajibu ya kwamba hapa pana mambo mawili, nayo yafaa yatenganishwe. Liko kosa la mtu, yaani uzembe wake, haraka yake, au kutojua kwake. Hilo na asemezwe faraghani, kwa upendo. Tena liko kosa la daftari, yaani kanuni iliyopungua mistari. Hilo ni la wote kwa sababu wote hulitegemea, na lazima lisemwe wazi. Aibu ya mtu yaweza kusitiriwa bila kudhuru. Kosa la daftari likisitiriwa, atalipa mtu ambaye hata hayumo katika mazungumzo. Tena angalieni ni nani aliyelipa katika mfano wetu: si karani, si mhasibu, bali vibarua sita waliokuja mwisho, wasioliona jedwali hilo hata mara moja.

Wala msidhani ya kwamba haya ni mambo ya ofisi ndogo tu. Huko Uingereza, mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, watu 15,841 waliopatikana na ugonjwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuhesabiwa katika taarifa za kila siku. Faili la jedwali lililotumika lilikuwa la namna ya zamani, lenye kikomo cha mistari 65,536. Yaliyozidi hapo yakaachwa, na waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa na kuonywa. Kikomo kile hakikupiga kelele. Waliodondoka walidondoka kimya, kama vibarua wetu.

Yuko pia mfano wa kutia moyo. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko juu ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, nalo likanukuliwa na wakubwa wa mataifa. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alijaribu kuzipata hesabu zao asiweze. Akawaomba jedwali lenyewe, nao wakampa. Mwaka 2013 yeye na walimu wake wakaonyesha ya kwamba wastani mmoja uliruka nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Wataalamu wale walikiri kosa hilo la jedwali, ingawa hawakuuacha msimamo wao. Ubishi juu ya uchumi haujaisha, lakini kosa lilipatikana kwa sababu mmoja aliuliza na wenzake hawakulificha daftari lao.

Wazee wa kazi ya uhasibu waliyajua haya kabla ya kompyuta. Mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, alichapisha huko Venice mwaka 1494 kitabu cha hesabu, na ndani yake akaeleza desturi ya wafanyabiashara ya kuandika kila fedha mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea, ili pande hizo zisipolingana kosa lijitangaze lenyewe. Na makarani wetu wa zamani walifundishwa kutokutumia kifutio. Aliyekosea tarakimu aliikata kwa mstari mmoja, isomeke bado, akaandika iliyo sahihi juu yake, akatia sahihi yake na tarehe. Mstari ule mmoja ulisema mambo matatu: palikuwa na kosa, limerekebishwa, na mimi hapa ndiye niliyelirekebisha.

Basi afanyeje mtu aliyekuta jumla isiyopatana na fedha? Kwanza atunze nakala ya jedwali kabla ya kugusa kitu. Kisha ahesabu majina, alinganishe na jumla. Abonyeze kisanduku cha jumla atazame kama mna kanuni au tarakimu tupu. Kama mna kanuni, atazame inaanzia mstari upi na kuishia upi. Achunguze kama iko tarakimu iliyoandikwa kama neno, ambayo jicho huiona na kompyuta haiihesabu. Tena kama safu ya majina imepangwa upya peke yake, ikawaacha watu na siku zisizo zao. Majedwali mengi ya intaneti huweka kumbukumbu ya nani alibadili nini na saa ngapi. Kumbukumbu hiyo ni msaada mkubwa, ila itumike kwanza kutafuta chanzo. Ofisi inayoitumia kama fimbo itawafundisha watu wake kuficha, na mkuu wa ofisi ya namna hiyo ana sehemu yake katika kila kosa linalofichwa.

Na tukirudi kwa wale sita: walipwe kwanza, siku hiyo hiyo ikiwezekana, ndipo wakubwa waulizane. Mshahara wa kibarua ni chakula cha nyumba yake usiku huo, wala hauwezi kungoja mwisho wa ubishi wa Kilosa na Mikumi. Na lawama igawanywe kwa haki. Aliyetengeneza kanuni fupi ana yake, aliyesahihisha kimya ana yake, na aliyeomba fedha bila kuhesabu majina ana yake pia.

Ndugu wasomaji, si wote tunaofanya kazi ofisini, lakini wengi wetu tuna daftari la wote mahali fulani: la kikundi cha kuweka na kukopa, la michango ya msiba, la jumuiya, la ada za watoto. Mzazi amwonapo mtoto akichana ukurasa wa daftari lake la shule ili mwalimu asione hesabu aliyokosea, na amwonyeshe jinsi ya kukata mstari mmoja na kuandika upya chini yake. Karani wetu wa Mikumi alihitaji kuwaandikia wenzake maneno machache tu: Jumla haikuwahesabu watu wanne wa mwisho, nimeirekebisha leo kwa mkono, tafadhali itazameni kanuni. Angaliandika hayo, watu sita wasingalirudi nyumbani mikono mitupu.