Wazimu, kichaa na ishilu katika ufuo wa Ziwa Mweru

Maneno ya wazimu hayasemi jambo moja. Lipo linalotaja kilichomwingia mtu, lipo linalotaja kilichompungukia, na lipo linalomgeuza mgonjwa kuwa aina ya kiumbe. Swali la kifalsafa lililomo humo ni zito: mtu akitenda akiwa katika hali hiyo, ni nani hasa aliyetenda?

Nchelenge, nchini Zambia, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hilo. Lugha ya soko la Kashikishi ni Kibemba, na Kiswahili kinavuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo. Tangu 2018 kinasemwa pia katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala.

Wazimu ni ndugu wa mzimu na kuzimu. Anayesemwa kuwa amepandwa na wazimu anadhaniwa kuendeshwa na nguvu isiyo yake. Majinuni, neno lililotoka kwa Waarabu, linabeba dhana hiyo hiyo, ya jini. Mahali pa lawama panahama: mwenye kosa ni aliyempanda, si aliyepandwa. Sheria ya Kiislamu inafika karibu na hapo kwa njia nyingine, kwani kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie.

Punguani, hamnazo na kurukwa na akili havimtaji mgeni yeyote. Vinasema kuna pungufu, na mwenye pungufu anastahili kusaidiwa, ingawa mara nyingi huchekwa.

Kichaa ni neno gumu zaidi. Mtu anaweza *kuwa na* kichaa, kama anavyokuwa na homa. Lakini pia husemwa *ni* kichaa, na wingi wake ni vichaa. Hapo ugonjwa umekuwa jina la mtu, na jina halitoki kwa dawa. Katika Kibemba ubushilu ni hali na ishilu ni mtu, kwa hiyo mteremko ni ule ule. Anayeshikwa na ngulu, yaani roho zinazompanda mtu, akasema kwa sauti isiyo yake, hahesabiwi kuwa ishilu. Huenda hata akaheshimiwa. Kinachoamua ni jamii inayomsikiliza, kwa maana kelele zenyewe zinaweza kufanana.

Malaria inadhihirisha udhaifu wa majina haya. Nchelenge haina msimu usio na ugonjwa huo, na ukipanda kichwani mtoto huweweseka, huwaita watu wasiokuwepo, huwasukuma wanaomshika. Dawa ikifanya kazi na homa ikashuka, huomba uji, na hakuna jirani atakayemwita kichaa. Mtu mzima anayefanya hayo hayo bila homa hupewa jina kabla ya kupewa matibabu, kisha hutajiwa Chainama, hospitali ya Lusaka ambayo jina lake limegeuka tusi, kama Mirembe ya Dodoma kwa Watanzania.

Serikali nayo iliwahi kuandika matusi katika sheria. Sheria ya magonjwa ya akili ya 1949, iliyorithiwa kutoka ukoloni, iliwapanga wagonjwa katika madaraja kwa majina ya Kiingereza ambayo Kiswahili kingeyaita baradhuli, mpumbavu na mwenye akili duni. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Zambia, katika kesi ya Mwewa na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliona kifungu chenye madaraja hayo kinapingana na Katiba. Sheria mpya ya Afya ya Akili ikafuata mwaka 2019. Inatambua haki ya mgonjwa kufanya maamuzi ya kisheria, lakini inaiondoa pale ugonjwa unapomnyima uwezo wa kuamua, na watetezi wa watu wenye ulemavu wamepinga sehemu hiyo: kwao mgonjwa apewe msaada wa kuamua, asinyang'anywe uamuzi.