Chai Inayotolewa na Chai Inayodaiwa

Neno moja laweza kubeba wema na uovu, na sauti yake isibadilike hata kidogo. Neno chai ni la namna hiyo. Katika Kiswahili ni jina la jani, ni jina la kinywaji, na ni jina la chakula cha asubuhi, maana hata aliyefungua kinywa kwa uji na kiazi husema kuwa amekunywa chai. Lakini neno hilo hilo limekuwa pia jina la fedha inayopita chini ya meza. Ukarimu na dhuluma vimevishwa nguo moja. Kwa hiyo swali lililo mbele ya kila apendaye haki ni hili: mpaka kati ya chai anayopewa mgeni na chai anayodaiwa mwenye shida uko wapi, na mtu wa kawaida atautambuaje?

Swali hili lina mahali pake katika bonde la Kilombero. Ifakara ni mji wa mpunga, lakini historia ya kikombe cha chai imeuzunguka pande zote. Kaskazini, karibu na Kidatu, yako mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Magharibi, juu ya ukingo wa milima ambako Mto Kihansi huporomoka kuja bondeni, iko Mufindi, nchi ya baridi na ukungu iliyopandwa chai tangu zama za ukoloni. Jina lenyewe limetoka mbali zaidi. Wachina huita cha, Waajemi wakaita chay, na vyombo vya biashara vikalileta neno hilo pwani, likapanda bara. Mwishowe Wachina nao wakafika bondeni kwa miguu yao. Kati ya mwaka 1970 na 1975 walishirikiana na Watanzania na Wazambia kujenga reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ikapita Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda milima kwenda Makambako. Kazi hiyo ilisifiwa kuwa ya urafiki, na ilikuwa ya urafiki. Hata hivyo fedha zake zilikuwa mkopo usio na riba, ukaandikwa kuwa mkopo. Deni lililoitwa deni halikuuvunjia urafiki heshima yake.

Chai ya mgeni ndiyo ipasayo kutazamwa kwanza. Katika nyumba ya mkulima wa Ifakara, mgeni abishapo hodi na kuitikiwa karibu, huwekewa kiti au mkeka kabla ya kuulizwa shida yake. Birika huwekwa motoni. Mazungumzo huwa ya hali, ya watoto, ya mvua na ya mpunga, na haja iliyomleta hungoja zamu yake. Kikombe kikija, kimekuja bila kuombwa, wala hapana anayehesabu vijiko vya sukari. Ikiwa mgeni alikuja kuomba, kikombe hakimfungi mwenyeji kukubali. Ikiwa alikuja kulipa deni, kikombe hakipunguzi deni hata senti. Heshima yote ya chai hiyo imo katika jambo hili, kwamba haigusi haki ya mtu yeyote. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Semi hizi hazipingani. Ya kwanza huonya uchoyo wa mwenyeji, na ya pili huonya tamaa ya mgeni, ili ukarimu usiharibiwe na yeyote kati yao.

Wapo watu ulimwenguni ambao hulipa fedha nyingi ili waongozwe kutoka mji hadi mji nchini China kwa ajili ya chai tu. Hupelekwa Hangzhou kuona majani ya Longjing yakikaangwa kwa mkono katika karai kubwa, na kuambiwa kwamba yaliyochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, ndiyo yenye bei kubwa kuliko yote. Hupelekwa Wuyishan, ambako michai huota kati ya miamba. Na Chaozhou, ambako birika hutoshea kiganjani na vikombe ni vidogo kama vya watoto. Na Chengdu, ambako wazee huketi mchana kutwa juu ya viti vya mianzi, kila mmoja na kikombe chake chenye kifuniko. Hujifunza kwamba kusini mwa nchi hiyo anayemiminiwa chai hugonga meza kwa vidole viwili badala ya kusema asante. Hujifunza pia kwamba kikombe hakijazwi hadi ukingoni, maana kikombe kilichofurika humchoma mgeni vidole, na huweza kufahamika kuwa ni dalili ya kumtaka aondoke. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliziingiza desturi hizi za chai ya China katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Je, msafiri huyo aliyelipa nauli na kiingilio amekaribishwa? Wako watakaosema kuwa amedanganywa, kwa sababu ukarimu ulionunuliwa si ukarimu. Kweli, hakukaribishwa, ameuziwa. Lakini kuuziwa si kosa. Bei ilitajwa mbele ya macho yake, aliyeuza aliuza mali yake mwenyewe, na mnunuzi alikuwa na uhuru wa kwenda zake. Ndivyo ilivyo pia kwa mama auzaye chai na vitumbua kando ya barabara ya Ifakara. Humwita mteja wake mwanangu, humfutia benchi, humwongezea tangawizi, kisha hupokea fedha yake. Hapana uongo katika biashara hiyo. Wema wake ni wema, na bei yake ni bei, na kila kimoja kinajulikana kilipo. Kwa hiyo kosa haliko katika fedha kukutana na kikombe.

Wala isidhaniwe kuwa China ilijua vikombe vya adabu peke yake. Katika karne ya 8, zama za nasaba ya Tang, ndipo Lu Yu alipoandika kitabu mashuhuri cha kwanza juu ya chai. Katika karne hiyo hiyo wakulima wa Guzhu, karibu na Ziwa Tai, walitakiwa kupeleka chai yao bora kwa mfalme kama ushuru, nayo ilipasa kufika mjini kwake kabla ya Qingming. Majira ya kuchuma yalikuwa majira ya kulima, lakini mashamba yao yalilazimika kungoja. Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming alifuta ushuru wa chai ya kushindilia vipande, kwa kuwa ilichosha mno nguvu za raia, akaagiza iletwe chai ya majani yasiyoshindiliwa. Jani lilikuwa lile lile ambalo mkulima angempa mgeni wake kwa furaha. Kilicholitia uchungu ni kwamba mwenye kulitaka alikuwa na uwezo wa kumwadhibu mwenye kulitoa.

Hapo ndipo chai ya tatu inapojulikana. Na afikiriwe mkulima mzee wa ng'ambo ya Mto Kilombero. Kabla ya daraja la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018 alikuwa akivuka kwa kivuko. Sasa hupita juu ya maji bila hofu. Amekuja na karatasi zake za shamba, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Katika ofisi moja anaambiwa arudi kesho, na kesho anaambiwa mhusika hayupo. Siku ya tatu kijana aliyeketi anatabasamu na kusema kwa upole, "Mzee wangu, vijana wako hatujanywa chai."

Maneno hayo yanastahili kupimwa, maana kila neno limeibwa kutoka nyumbani. Mzee wangu ni neno la heshima. Vijana wako ni neno la jamaa, nalo linamfanya mzee kuwa baba wa mtu asiyemjua. Chai ni neno la mgeni. Lakini ni nani mgeni katika chumba kile? Ni mzee. Yeye ndiye aliyebisha hodi. Kwa desturi ya bonde lake, aliyeketi ndiye mwenyeji, na mwenyeji ndiye awekaye birika motoni. Kijana ameigeuza desturi juu chini: amemfanya mgeni kuwa mwenyeji katika nyumba isiyo yake, akamtoza ukarimu kwa kitu ambacho tayari ni haki yake.

Watetezi wa chai hii hawakosi hoja. Husema mshahara ni mdogo. Na pengine ni mdogo kweli. Lakini mzee hana mshahara kabisa, na upungufu wa mmoja hauwi deni la mwingine. Husema kiasi chenyewe ni kidogo. Lakini kidogo hicho kinamtangulisha mwenye nacho na kumrudisha nyuma asiye nacho, na aliyerudishwa nyuma hakuulizwa. Husema ni mila ya shukrani. Mila gani hudai shukrani kabla ya wema kutendwa? Ahadi za mwanachama wa TANU zilimtaka asipokee wala asitoe rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata mtoaji pamoja na mpokeaji. Kwa mtoaji aliyebanwa jambo hilo laweza kuonekana kali, lakini hata yeye anajua kwamba amepita juu ya bega la mwenzake.

Jambo gumu zaidi liko kati ya mipaka hiyo. Mwanamke amejifungua salama baada ya usiku wa hatari. Baada ya arobaini anarudi na kilo chache za mchele mpya, anamtafuta mkunga na kumwambia, "Dada, hiki ni chakula cha watoto." Hakudaiwa, moyo wake umejaa. Mkunga akikataa, atamwaibisha mtu aliyekuja kwa nia njema. Akipokea, yamkini kesho macho yake yatatazama mikono ya wanaoingia kabla ya kutazama nyuso zao. Hapana sheria iwezayo kufika mpaka ndani ya macho. Kipimo kilichobaki ni mama wa zamu inayofuata, yule ajaye mikono mitupu. Ikiwa atapokewa kwa haraka ile ile na upole ule ule, mchele ulikuwa shukrani. Ikiwa atangojeshwa hata dakika chache, mchele ule umekuwa ushuru, ingawa aliyeuleta hakukusudia. Mkunga mwenye hekima huweza kuupeleka mchele huo katika sufuria ya wote, ale mgonjwa na mlinzi, ili mama apate heshima ya kutoa na mtu yeyote asipate mazoea ya kungoja.

Basi mpaka unatambulikana. Chai ni njema wakati kunyimwa kwake hakumpunguzii mtu haki yake, na ni mbaya wakati haki inangoja ndani ya kikombe. Mchina huacha kikombe pungufu kwa kumstahi mgeni. Mtu wa Ifakara hukijaza kwa sababu hiyo hiyo. Desturi zimeachana, lakini katika nyumba zote mbili aliyeketi ndiye anayemimina. Siku kijana yule wa ofisini atakapoinuka, amvutie mzee kiti, azipokee karatasi zake na kumaliza kazi aliyolipwa kuifanya, hatakuwa na lazima ya kumpa chai. Mzee atavuka daraja jioni, atafika kwake, na atainywa huko pamoja na wageni wake.